Kulala Nje Bila Hema: Nunua Kwanza cha Kutandika

Miezi ya Juni hadi Agosti, baridi ya Njombe na Makete huweza kugandisha umande. Hata hivyo, wapo wakulima wanaolala shambani wakilinda mazao yaliyovunwa, na utingo wanaolala kando ya gari lililoharibika. Wengi wao, wakipata fedha kidogo, hununua blanketi la pili. Sisi tunashauri waanze na kitu cha kutandika.

Ardhi hunyonya joto la mwili usiku kucha. Blanketi lililolaliwa hugandamizwa na kupoteza hewa iliyomo, nayo hewa hiyo ndiyo izuiayo baridi. Kiroba kilichojazwa nyasi kavu au maganda ya mahindi hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, tena kwa gharama ndogo. Ukinunua sponji, omba kipande chake, kitie majini, kisha ukikamue. Kikitoa maji mengi, sponji hiyo ni ya kitandani.

Turubai likunjuliwe lote dukani na kuelekezwa kwenye mwanga, kwa kuwa vitobo huanzia penye mikunjo. Vuta pete za kufungia kamba uone kama pindo lake ni imara. Dai risiti: maneno “halipitishi maji” ni ahadi ya muuzaji, na bila risiti ni vigumu kumbana.

Lifunge kwa mteremko, upande wa chini ukikabili upepo. Kwenye kila kamba, karibu na turubai, fungia kipande cha kitambaa ili maji yanayofuata kamba yadondokee hapo, yasiingie ndani. Usijiviringishe nailoni mwilini. Mvuke wa mwili hugeuka maji, ukaamka umelowa bila mvua kunyesha. Sufu, hata ya mtumba, huhifadhi joto ikiwa na unyevu, pamba haiwezi.

Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe chini ya turubai lililoshushwa pande zote, hata kama mkaa umekolea na hautoi moshi. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu akiwa usingizini. Ukihisi kichwa kuuma au kichefuchefu, toka nje mara moja na uwatoe wenzako. Jiko libaki nje, lichemshe maji ya kutia katika chupa ngumu yenye kifuniko kinachobana. Ivishe soksi, uilaze kati ya mapaja. Chupa laini za maji ya dukani zisitumike, kwani hunyauka kwa maji ya moto na kukumwagikia.