Si Gari, ni Mwenyewe

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mchagua jembe si mkulima. Kila siku pale stejini utawasikia watu wakibishana: "Gari aina hii ni chuma, ile nyingine ni takataka!" Je, sifa ya gari hutoka kiwandani peke yake? La hasha!

Tuchukue mfano wa Peugeot 504. Gari hili lilitoka Ufaransa mwaka wa 1968, likashinda mbio za Safari Rally hapa Kenya mwaka wa 1975 na 1978, kisha likabeba abiria wa safari ndefu kwa miaka mingi. Lilikuwa imara, naam. Lakini pia mafundi wa jua kali walilijua ndani nje, na spea zilipatikana. Gari ambalo fundi halijui hufunguliwa ovyo ovyo, halafu lawama humwendea aliyeliunda.

Jambo la pili ni mwenye gari. Anayelinunua likiwa jipya hulipeleka sevisi kwa wakati. Likifika kwa mtu wa tatu bei yake imeshuka, lakini bei ya spea haikushuka! Basi yeye hununua spea bandia, ama husema, "Litaenda tu." Oili ikizeeka huchafuka na vyuma vikaanza kulana. Maji ya rejeta yakipungua, injini huchemka na gasketi huungua.

Haya niliyaona kwetu. Mjomba wangu alinunua pikapu kuukuu ya kubebea kabichi. Miezi minane hakubadilisha oili, kazi ilikuwa kuongeza tu. Taa nyekundu ya oili ilipowaka, akasema ni waya. Siku moja injini ikanoki mlimani, kabichi zikaoza, na karo yangu ya muhula huo ikapotelea hapo. Hadi leo akisikia jina la gari hilo anasonya. Ajabu ni kwamba jirani yetu ana pikapu ya aina ile ile, nayo inamlisha. Yeye hupima oili na maji kila asubuhi kabla ya kuwasha.

Sikatai, yapo magari yaliyoundwa vibaya. Lakini enyi wenzangu, siku mtakaponunua yenu (najua wengine mmeshachagua rangi!), msiulize jina pekee. Ulizeni nani alikuwa nalo, alilitunzaje, na spea zake zauzwa wapi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwanachama, Kidato cha Tatu