Kompyuta kuukuu yahamia sanduku la bweni

Chini ya ngazi za ghorofa moja mtaani Umoja, jijini Nairobi, mna kijiduka ambacho upana wake haushindi kitanda cha mtu mmoja. Ndani utakuta meza, kiti, printa ya zamani inayolia kama cherehani, na sanduku jeusi la bati la aina ile wanafunzi hubeba wakienda shule za bweni. Mgeni hudhani sanduku hilo lina nguo. La hasha! Lina kompyuta.

Mwenyewe ni mama wa miaka 61 ambaye aliomba jina lake lisichapishwe. Alianza kazi ya kuchapa mwaka wa 1994 akiwa na mashine moja ya aina ya 486, baada ya kusomea programu za WordPerfect na Lotus 1-2-3 katika chuo kimoja cha mjini. Enzi hizo aliyetaka barua ya kuomba kazi, kadi ya harambee au programu ya mazishi alipanga foleni mlangoni pake.

"Watoto wangu watatu wamesoma kwa mashine hii," aliniambia. "Sasa kijana wangu wa kwanza ndiye anayesema niitupe."

Ugomvi wa mama na mwanawe ulianza mwaka jana, kodi ya duka lake la awali ilipopanda akahamia chini ya ngazi. Kasha la kompyuta hiyo lilikuwa la kusimama, refu kupita magoti ya mtu mzima. Likiwekwa chini, miguu ya mama haina pa kwenda. Likiwekwa mezani, skrini haina pa kukaa.

Nakiri kwamba nilipofika mara ya kwanza nilikuwa upande wa mwana. Kompyuta ndogo za mtumba zimejaa mjini, kwa nini kuhangaika na chuma cha miaka thelathini? Mama hakubishana nami. Aliingiza karatasi tatu zenye kaboni katikati akabonyeza kitufe, na ile printa ikaanza kulia. Kumbe wako wafanyabiashara wa jumla ambao mpaka leo wanataka risiti za nakala tatu kwa mpigo, na printa za wino haziwezi kazi hiyo kwa kuwa kaboni hutaka kugongwa. Fomu zote za wateja hao zimo katika mashine yake.

"Hizo ndizo pesa za kodi," alisema. "Kijana anaweza kuniwekea mashine mpya, lakini akishaenda kazini kwake, ikinishinda nitamwita nani?"

Aidha, mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshapita akitaka kuipima kwa kilo. Sisi wakazi wa Eastlands tunajua safari ya vitu kama hivyo huishia wapi. Jaa la Dandora lilianza kutumiwa katika miaka ya 1970 na likatangazwa kuwa limejaa mwaka wa 2001, lakini malori hayakukoma. Bodi za zamani zimelehemiwa kwa madini ya risasi. Uchunguzi wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, uliotolewa mwaka wa 2007, uliwapima damu watoto 328 wa karibu na jaa hilo, na nusu yao wakapatikana na risasi kufikia au kupita kiwango kilichokubaliwa wakati huo.

Basi mama aliibeba mashine yake kwa mkokoteni hadi kwa fundi mmoja kijana wa Kariobangi, nami nikafuata.

Fundi alipofungua kasha, kitu cha kwanza alichotafuta ni betri ndogo, nene kama kidole, iliyolehemiwa kwenye bodi kuu, yaani ule ubao unaobeba akili yote ya kompyuta. Ilikuwa imevuja ute wa kijani. Ute huo si asidi kama ule wa betri ya gari bali ni kinyume chake, ndiyo maana aliusafisha kwa siki na mswaki kabla ya kuikausha bodi. Mahali pake aliweka betri ya mviringo kama sarafu. Aliilehemu pamoja na dayodi, kwani bodi hizo hujaribu kuichaji betri, na hii ya sarafu haichajiwi.

Je, kwa nini asitafute kasha dogo la kisasa? Nilimwuliza, naye akacheka. Bodi ya mama ni ya kipimo kiitwacho Baby AT, mtoto wa kile kipimo kikubwa kilicholetwa na kompyuta ya IBM ya mwaka 1984. Ina upana wa sentimita 22 na urefu wa hadi 33. Kampuni ya Intel ilileta kipimo cha ATX mwaka wa 1995, na tangu hapo makasha yakatengenezwa kufuata hicho. Baadhi ya matundu ya skrubu bado yanalingana, lakini tundu la nyuma, umeme na hata swichi ni mambo mengine kabisa.

Ndipo mama mwenyewe akasema, "Kijana wangu, si twende Kamukunji?"

Msomaji, kama hujafika Kamukunji, kelele za nyundo zitakupokea kabla hujawaona mafundi. Vibanda vya pale vilijengwa baada ya Rais Moi kuwatembelea mwaka wa 1985 na kuwakuta wakifua bati juani, kama jina lao la jua kali lisemavyo. Masanduku ya wanafunzi hutoka hapo. Mama aliagiza moja la kipimo chake: sentimita 42 kwa 40, na kimo cha 15 tu, ili kadi zisimame ndani na skrini ikae juu ya kifuniko. Lina bawaba na mahali pa kufuli. Ukipiga hesabu, ni chini ya nusu ya nafasi iliyoliwa na kasha la kwanza.

Kazi ya kutoboa ilifanywa kabla bodi haijakaribia sanduku, kwa sababu unga wa bati ukibaki ndani ni hatari kwa umeme. Fundi aliilaza bodi juu ya kipande cha katoni, akatia alama za matundu kwa penseli, kisha akaihamishia ramani hiyo kwenye bati. Bodi haigusi bati kamwe. Hukaa juu ya vinguzo vifupi vya shaba, na hivyo alivitoa katika kasha lile lile la zamani. Upande wa nyuma alikata nafasi ya plagi ya kibodi na za kadi, akaongeza matundu ya kupitisha hewa. Pia alikwangua rangi mahali pamoja ili waya wa ethi ulishike bati lenyewe. Asiyefanya hivyo anaweza kurushwa na sanduku lake mwenyewe.

Jambo lililomfanya anyamaze ni umeme. Katika mashine hizi swichi ya mbele hubeba volti 240 moja kwa moja kutoka ukutani, tofauti na za siku hizi ambazo kitufe hutuma ishara tu. Alizivika nyaya zake nne mpira, akavuta kila moja kuhakikisha haichomoki. Kisha kuna plagi mbili zinazoingia kwenye bodi, P8 na P9, ambazo hufanana kama mapacha. Ukizibadilisha, bodi inaungua. Dawa yake mafundi wote wanaijua: nyaya nyeusi zikutane katikati.

"Mama, nikiwasha ikifa, utanisamehe?" fundi aliuliza.

"Washa," alijibiwa.

Feni ilizunguka. Skrini ikabaki nyeusi. Mama aliketi juu ya kasha tupu la zamani bila kusema neno, na mimi nikaona aibu kuandika. Fundi alizima, akachomoa waya ukutani, akainua bodi. Kinguzo kimoja kilikuwa kimekaa mahali pasipo na tundu, kikigusa mistari ya shaba iliyo chini ya bodi. Alikitoa, akarudisha kila kitu, akaziangalia tena zile nyaya nyeusi.

Safari hii hesabu ya kumbukumbu ilianza kupanda kwenye skrini, tarakimu baada ya tarakimu. Halafu mashine, iliyokuwa imepoteza saa yake pamoja na betri, ikatangaza kwamba leo ni Jumanne, Januari 1, 1980.

Mama aliangua kicheko. Alimsogeza fundi kando, akavuta kibodi, akaandika tarehe ya siku hiyo yeye mwenyewe. Kisha akauliza kama printa inaweza kuunganishwa saa hiyo hiyo, maana kuna mteja aliyekuwa akisubiri risiti zake tangu Jumatatu.