Seva Inapogoma Kujengwa: Kuzielewa Hitilafu za Skripti katika Programu Huria

Takwimu za afya kutoka Mkwaja, kusini mwa Wilaya ya Pangani mkoani Tanga, huanzia kwenye kitabu. Watoto waliochanjwa, wajawazito waliohudhuria kliniki na wagonjwa waliotibiwa huandikwa katika rejesta za Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, maarufu kama MTUHA, na kila mwezi hesabu hizo hujumlishwa na kuingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa DHIS2. Kwa miaka mingi karatasi kutoka upande huo wa wilaya zililazimika kuvuka Mto Pangani kwa kivuko cha Bweni kabla ya kufika makao makuu ya wilaya. Sasa taarifa hizo zinategemea seva, na seva isipofanya kazi hazifiki.

DHIS2 ni programu huria, yaani programu ambayo msimbo chanzo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia na kuuboresha. Mizizi yake iko Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Imeendelezwa kwa uratibu wa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa washirika wake wa siku nyingi. Hutegemea programu nyingine huria, hasa hifadhidata ya PostgreSQL pamoja na nyongeza yake ya ramani, PostGIS. Seva ya kitaifa haiendeshwi kutoka wilayani. Hata hivyo, ofisa TEHAMA au mwanafunzi wa chuo anayetaka kuielewa mifumo hii hujenga seva ndogo ya majaribio, na kazi yake hukwama mara nyingi pale anapokompaili, yaani anapogeuza msimbo chanzo kuwa programu inayoweza kuendeshwa na kompyuta.

Kazi hiyo huongozwa na skripti, ambazo ni mafaili ya amri zinazotekelezwa moja baada ya nyingine. Katika PostgreSQL, skripti iitwayo configure hukagua mashine ina nini na inakosa nini, kisha amri ya make hujenga programu. Anayeanza kazi hii huelekea kusoma mstari wa mwisho wa skrini. Mstari huo, wenye maneno kama "Error 1" au "Error 2", husema tu kwamba kazi imesimama. Sababu iko juu yake, pengine mistari mia kadhaa juu, penye hitilafu ya kwanza. Nyingi kati ya zinazofuata ni matokeo ya hiyo moja. Iwapo ni configure iliyosimama, faili la config.log huonyesha jaribio lenyewe lililoshindwa, na ndilo la kusomwa kabla ya kugusa chochote.

Mara nyingi kinachokosekana ni maktaba, yaani sehemu ya programu inayotumiwa na programu nyingine. PostgreSQL hudai readline na zlib, na kuanzia toleo la 16 hudai pia ICU. Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba maktaba inaweza kuwa tayari imo ndani ya mashine na bado skripti ikasema haijaiona. Kukompaili huhitaji mafaili ya ziada ya wajenzi, ambayo katika Ubuntu na Debian huwekwa kwa vifurushi vyenye kiishio cha "-dev", kama libreadline-dev na zlib1g-dev. Skripti yenyewe humwonyesha mtumiaji njia ya mkato ya kuendelea bila maktaba hiyo. Njia hiyo ina gharama: PostgreSQL iliyojengwa bila zlib haiwezi kushughulikia nakala rudufu zilizobanwa kwa zlib, na upungufu huo unaweza kujulikana siku ambayo hifadhidata imeharibika na nakala ndiyo tegemeo pekee.

Wakati mwingine maktaba zote zipo na tatizo liko kwenye skripti. Faili lililohaririwa katika Windows kisha likahamishiwa Linux hubeba alama zisizoonekana mwishoni mwa kila mstari, na mashine hulalamika kuhusu "bad interpreter". Amri ya dos2unix huziondoa. Faili lililopitia flashi linaweza kupoteza ruhusa ya kutekelezwa. Lipewe ruhusa hiyo faili hilo peke yake, si folda nzima kufunguliwa kwa kila mtu kwa amri ya chmod 777, kama inavyoshauriwa ovyo mitandaoni. Skripti iliyoandikwa kwa bash nayo hushindwa ikiendeshwa na sh, kwa kuwa katika Ubuntu na Debian jina hilo huelekeza kwenye programu nyingine, dash.

Kuna pia hitilafu zinazotokana na mashine yenyewe. Kompyuta ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hupoteza saa kila umeme unapokatika. Kwa kuwa make huamua cha kujenga kwa kulinganisha muda wa mafaili, hutoa onyo la "Clock skew detected" na inaweza kuruka kazi iliyopaswa kufanyika. Saa irekebishwe kwanza, kisha ujenzi uanze upya. Na neno "Killed" likijitokeza peke yake, kwa kawaida kumbukumbu ya mashine imejaa; ipunguzwe idadi ya kazi zinazojengwa kwa wakati mmoja.

Lakini skripti isiyolalamika si lazima iwe salama. Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mmoja wa waendelezaji wa PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya programu huria ya xz yalikuwa na mlango wa siri. Alianza kushuku baada ya kuona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Amri ya hila ilikuwa imefichwa katika skripti za ujenzi zilizomo kwenye kifurushi kilichotolewa, wakati hazina ya wazi ya msimbo haikuwa nayo. Kulinganisha alama ya SHA-256 na ile iliyotangazwa na wenye programu kusingeizuia hila hiyo, kwa sababu ilitoka kwenye chanzo rasmi. Huzuia faili lililobadilishwa njiani, na kwa hilo pekee inafaa kufanywa kila mara.

Kwa seva inayobeba taarifa za wananchi, vifurushi vilivyokwisha kujengwa na mfumo endeshi wenyewe vinafaa zaidi kuliko kukompaili, isipokuwa pawepo sababu mahususi. Seva ya majaribio nayo iwekewe takwimu za kubuni: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haimwachi mgonjwa nje kwa sababu tu jina lake limenakiliwa kwenye mashine ya kujifunzia. Anayeomba msaada kwa mtaalamu mwingine apeleke hitilafu ya kwanza, faili la config.log na toleo la mfumo endeshi, baada ya kuondoa nywila na anwani za seva.