Kukereza Chuma: Ufundi Usiosamehe Upana wa Unywele

Wakati wa mavuno, mashine ya posho ikiharibika sokoni, habari zake hufika kila nyumba kabla ya jua kutua. Akina mama waliokuja na madebe ya mahindi hurudi nayo kichwani, na mwenye mashine hukaa akihesabu hasara ya siku. Akiifungua, mara nyingi huona kwamba kilichoharibika si kitu kikubwa. Ni shafti, yaani kile chuma cha mviringo kizungukacho, ambayo imelika mahali inapokaa ndani ya beringi. Uliwaji huo ni mdogo hata jicho haliuoni vema, lakini kwa ajili yake mashine nzima imesimama.

Hapo ndipo anapotafutwa fundi mkereza chuma. Wazazi wengi wanaotaka watoto wao wapate kazi ya heshima hufikiri juu ya meza ya ofisi, wala hawamkumbuki mtu huyu mpaka siku mashine inapokataa kuzunguka. Yafaa basi kueleza kazi yake ni nini, na kijana apaswa kujifunza nini kabla ya kuitwa fundi.

Neno lenyewe si geni. Mafundi wa pwani walikereza miguu ya vitanda kwa mti tangu zamani. Mkereza chuma hufunga kipande cha feleji katika taya za mashine, kikazunguka, kisha husogeza kisu kigumu kikibandue kidogo kidogo mpaka kipimo kitakiwacho kifikiwe. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Kwa fundi huyu methali hiyo ni onyo pia, kwa maana kilichobanduliwa hakirudi.

Kipimo chenyewe

Tuchukue mfano wa beringi yenye tundu la milimita 40. Majedwali ya mafundi huonyesha kwamba, ili beringi ikae imara juu ya shafti, kipimo kimoja kitumiwacho sana ni hiki: shafti isipungue milimita 40.002, wala isizidi milimita 40.018. Nafasi aliyopewa fundi ni sehemu 16 tu katika elfu moja za milimita, ambayo ni kama robo ya unene wa unywele wa mtu.

Shafti ikiwa nyembamba kuliko hapo, beringi huteleza juu yake, ikaila, na baada ya muda mfupi mashine itarudi kwa fundi. Ikiwa nene, beringi hutanuka na kubana gololi zake, ikapata moto na kuvunjika. Kwa macho shafti zote mbili hung'aa sawasawa. Kipimo peke yake ndicho kisemacho kweli.

Mwanzo ni tupa na jiliwa

Kijana aliyetoka shule hudhani kwamba siku ya kwanza atapewa mashine. Sivyo. Mafunzo ya desturi huanza mezani, kwa jiliwa, msumeno wa chuma na tupa. Mwanagenzi hupewa kipande cha chuma akaambiwa akifanye kiwe bapa kabisa, na pembe zake ziwe sawa. Hupiga tupa, akapima, akaona mwanga ukipita chini ya rula, akaanza tena. Mikono humwuma na wenzake humcheka. Lakini katika majuma hayo mkono hujifunza jinsi chuma kinavyokatika, na jicho hujifunza kutoridhika upesi.

Mabingwa wa zamani walipita njia hiyo hiyo. Henry Maudslay, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1771, alianza kazi akiwa na umri wa miaka 12 katika kiwanda cha silaha cha Woolwich. Baadaye, karibu na mwaka 1800, alitengeneza mashine ya kukata hesi za skrubu kwa usahihi uliokuwa haujazoeleka. Joseph Whitworth, aliyefanya kazi katika karakana yake, ndiye aliyependekeza mwaka 1841 kwamba hesi za bolti na nati zifuate kipimo kimoja. Kabla ya hapo kila karakana ilikuwa na hesi zake, na nati iliyopotea ilikuwa shida ya kweli.

Kusoma maikromita

Baada ya tupa huja vipimo. Chombo kikuu cha mkereza ni maikromita. Ndani yake mna hesi ambayo kila mzunguko mmoja huisogeza nusu milimita. Pete yake ya nje imegawanywa kwa alama 50, hivyo kila alama ni sehemu moja katika mia ya milimita. Zile zilizo bora zaidi husoma hata sehemu za elfu. Mwanagenzi hufundishwa kuikaza kwa wororo, kwa kuwa mkono mzito hupata kipimo cha uongo.

Tena lazima akumbuke joto. Chuma hutanuka kipatapo moto. Shafti ya feleji yenye unene wa milimita 40, ikiwa na joto la digrii 30 zaidi kwa sababu ya kukatwa, huongezeka unene kwa sehemu 14 hivi katika elfu za milimita. Hiyo ni karibu nafasi yote tuliyoitaja. Akiipima ingali moto akaridhika, itakapopoa itakuwa imepungua. Ndiyo sababu mataifa yamekubaliana kwamba vipimo vya viwandani vihesabiwe kwa joto la digrii 20 za Selsiasi.

Hesabu nazo hazikwepeki. Kama feleji laini inakatwa kwa mwendo wa mita 30 kwa dakika, na kipande kina unene wa milimita 50, mashine yapaswa kuzunguka kama mara 190 kwa dakika. Kipande chembamba huzungushwa kwa kasi zaidi, na kinene kwa kasi ndogo. Asiyejua kugawanya na kuzidisha ataunguza visu vingi kabla ya kujua sababu.

Na usalama hutangulia yote. Mkereza havai glavu wala mikono mirefu inayoning'inia wakati mashine inazunguka, wala hashiki kwa vidole nyuzi za chuma zilizobanduka. Ufunguo wa taya hauachwi mahali pake hata kwa nukta moja. Mashine ikiwashwa huruka kama jiwe la kombeo.

Jaribu lililo kubwa

Walakini jaribu kubwa la mwanagenzi si la mkono. Siku moja atakata zaidi ya ilivyotakiwa. Kipimo kitasoma milimita 39.98, naye atakuwa peke yake mbele ya mashine. Akinyamaza, shafti itachukuliwa, nayo itang'aa vizuri. Itakwenda sokoni kule, itafungwa, na baada ya siku kadhaa akina mama watarudi tena na mahindi yao kichwani. Akisema, atapoteza kipande cha feleji na saa kadhaa za kazi, na huenda akakemewa mbele ya wenzake. Lakini mwalimu mwenye busara hujua kwamba siku hiyo amepata fundi. Aliyeficha kosa moja amejifunza namna ya kuficha la pili.

Njia za kujifunza

Katika Kenya mafunzo ya ufundi yana historia ndefu. Chuo cha ufundi cha Kabete kilianzishwa mwaka 1924, nacho leo ni Kabete National Polytechnic. Kenya Polytechnic ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1961, na mwaka 2013 ikawa Technical University of Kenya. Sheria ya mafunzo ya viwandani ilitungwa mwaka 1959, na kwa miaka mingi mitihani ya Serikali ya ufundi imekuwa na daraja tatu, mtu akianzia la tatu na kupanda hadi la kwanza. Hata aliyejifunza kando ya fundi mwingine katika karakana ndogo aliweza kufanya mtihani huo na kupata cheti.

Mashine nazo zimebadilika. Mwaka 1952, huko Marekani, chuo cha MIT kilionyesha mashine ya kuchonga chuma iliyoongozwa kwa utepe wa karatasi wenye matundu, na leo kompyuta huongoza mashine za namna hiyo. Lakini kompyuta hutii tu. Ikipewa kipimo kibaya itakata vibaya, tena upesi kuliko mtu. Aongozaye mashine hiyo hana budi kujua yale yale yaliyofundishwa kwa tupa na maikromita.

Basi mzazi mwenye mtoto apendaye hesabu, asiyechoka upesi, na asiyeona haya kusema "nimekosa", asiidharau kazi hii kwa kuwa huchafua mikono. Mikono huoshwa. Na siku mashine ya posho itakapozunguka tena sokoni, wanaopanga madebe yao hawatauliza ni nani aliyekereza shafti. Watasikia tu kwamba inazunguka bila kelele.