Asili ya Neno "Ignoramus"

Mwanafunzi wa Kiingereza aliyekwisha kuvuka vitabu vya mwanzo hukutana na neno "ignoramus", na akilitafuta katika kamusi huambiwa kuwa ni mtu asiyejua kitu. Hiyo ni nusu tu ya habari. Neno hili halikuzaliwa kuwa tusi. Lilitumika kortini, na mara nyingi lilimkinga mtu na hatari kubwa.

Asili yake ni Kilatini, nalo si jina bali ni kitendo, maana yake "hatujui". Zamani katika Uingereza, mashtaka ya kosa kubwa yalichunguzwa kwanza na baraza la raia, tangu 12 mpaka 23, ambao waliwasikiliza mashahidi wa upande wa mashtaka peke yao. Raia 12 wakiridhika, iliandikwa nyuma ya hati kwamba ni ya kweli, na mshtakiwa akapelekwa kuhukumiwa. Wasiporidhika, liliandikwa neno "ignoramus", na hati hiyo ikawa haina nguvu. Mabaraza hayo yalifutwa kwa sehemu kubwa mwaka 1933.

Nguvu ya neno hilo ilionekana Novemba 1681. Serikali ya Mfalme Charles wa Pili ilimshtaki Earl wa Shaftesbury, kiongozi wa wapinzani, kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ilikuwa kifo. Baraza la raia wa London likajibu "ignoramus", naye akaokoka. Ni kweli kwamba baraza lile lilichaguliwa na wakuu wa jiji waliokuwa wa upande wake. Lakini bila neno lile huenda angalipoteza kichwa.

Basi tusi lilitoka wapi? Mwaka 1615 George Ruggle alitunga mchezo wa kuigiza kwa Kilatini, ukachezwa Cambridge mbele ya Mfalme James wa Kwanza. Ndani yake mna mwanasheria aitwaye Ignoramus, mwenye majivuno, achanganyaye lugha hata haeleweki. Mfalme alicheka sana, akarudi kuutazama mara ya pili. Wanasheria hawakufurahi. Tangu hapo jina likawashika watu wote wajifanyao wajuzi ilhali hawajui.

Kiswahili nacho kina jambo la namna hii. Zamani pwani "mjinga" aliitwa hasa mgeni, na zaidi mtumwa aliyeletwa karibuni, asiyejua bado desturi za mji. Hakuwa mpumbavu, hakuwa amefundishwa tu.

Katika kuandika, wingi wake ni "ignoramuses". Wako wanaosema "ignorami" kwa kuwa majina mengi ya Kilatini hugeuka hivyo, wakisahau kuwa hiki ni kitendo. Na kwa neno hili hasa, kosa hilo lachekesha. Tena lisitumiwe katika barua ya heshima. Mtu ambaye hakupata habari tu huitwa "unaware", wala hapana atakayeudhika.