Mwezi Umekuwa Damu? Tuelewe Kwanza Kabla ya Kukimbia

Mara hii tunaongea juu ya mwezi wenyewe, ule wa huko juu.

Wengi wetu tunakumbuka Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025. Jua lilikuwa limezama tu, simu zikaanza kulia. Ndugu zetu wa Buyenzi, pale Bujumbura, walikuwa wanasema: "Tokeni nje muangalie, mwezi unaliwa!" Tukatoka. Kweli, upande mmoja ulikuwa mweusi, na giza likazidi kusogea. Ilipofika saa 1:30 usiku mwezi wote ulikuwa mwekundu kama kaa linalozimika.

Hapo ndipo maneno yakaanza. Mmoja akasema ni vita inarudi. Mwingine akasema ni damu ya wale tuliowaacha nyumbani. Watoto wakalia. Jirani yetu mmoja alifunga mizigo yake usiku ule ule, na kesho yake akauza sufuria mbili na blanketi kwa bei ya kutupa. Baada ya siku chache alikuwa anaazima sufuria ya kupikia maharage. Hatumcheki hata kidogo. Mtu aliyekimbia usiku mara moja, masikio yake hayalali tena. Lakini ndiyo sababu tunaandika ukurasa huu: hofu isiyo na maelezo inatuuzia vitu vyetu.

Mwezi mwekundu

Mwezi hauna taa yake. Unapata mwanga kutoka kwenye jua. Mara nyingine dunia yetu inapita katikati, kati ya jua na mwezi, na kivuli chake kinaangukia mwezi. Ndiko kupatwa kwa mwezi. Kwa nini basi hauzimiki kabisa? Kwa sababu hewa inayoizunguka dunia inapindisha mwanga kidogo wa jua na kuupeleka mle kivulini, na mwanga unaobaki baada ya kupita kwenye hewa nyingi ni ule mwekundu, kama tunavyoona jua likizama. Usiku ule mwekundu huo ulidumu dakika 82, mpaka karibu saa 3 usiku, kisha mwezi ukarudi mweupe. Hakuna aliyeukula.

Wataalamu wanapiga hesabu za mambo haya miaka mingi kabla. Vita haina kalenda ya namna hiyo. Tarehe 27 Julai 2018 mwezi ulikuwa mwekundu kwa saa 1 na dakika 43, muda mrefu kuliko mara nyingine zote za karne hii, na kando yake kulikuwa na nyota nyekundu inayong'aa sana. Watu wakashangaa mara mbili. Kumbe ile ilikuwa sayari ya Mirihi, ambayo siku zile ilikuwa imeikaribia dunia.

Nyota iliyoning'inia chini ya mwezi

Tarehe 24 Machi 2023, siku za mwanzo za Ramadhani, mwezi mwandamo ulionekana na nyota kali sana chini yake, karibu kugusana. Picha zikazunguka kwenye simu Afrika Mashariki nzima. Ile ilikuwa Zuhura, sayari inayong'aa kuliko zote. Inaonekana iko jirani na mwezi, lakini sivyo. Mwezi uko umbali wa kilomita 384,000 hivi kutoka kwetu. Zuhura hata ikija karibu kabisa iko karibu kilomita milioni 40. Ni kama ukisimama ufukweni Bujumbura, mtumbwi ulio mbele yako ukakutana na kilele cha mlima wa Uvira ng'ambo ya ziwa. Kwa macho vimegusana, kumbe kati yake kuna ziwa zima.

Tarehe 1 Desemba 2008 zilikuwa mbili, Zuhura na Mshtarii, zimekaa pamoja na mwezi mwembamba. Kesho yake jioni mwezi ulikuwa umeshasogea, kwa sababu kila siku unahama kwenda mashariki. Ukiona "ajabu" ya namna hiyo, toka tena kesho saa ile ile uangalie. Utajionea mwenyewe.

Duara kuzunguka mwezi

Kuna usiku mwingine mwezi unaonekana kama umejengewa ua wa mviringo. Nyoosha mkono wako, panua vidole: kutoka mwezini mpaka kwenye duara ni karibu nafasi iliyo kati ya kidole gumba na kidole kidogo. Duara hilo linatokana na barafu. Ndiyo, barafu, hata juu ya joto la Bujumbura! Zaidi ya kilomita 6 juu kuna mawingu membamba yenye vipande vidogo vya barafu, na kila kipande kinapindisha mwanga wa mwezi kwa kipimo kile kile. Wingu likipita, duara linakwisha.

Mwezi kama mtumbwi

Wageni kutoka Ulaya wanashangaa kwamba kwetu mwezi mchanga umelala kama mtumbwi, pembe zote mbili juu. Sisi tuko karibu na ikweta, na hapa jua linazama karibu wima. Kwa hiyo baada ya jua kuzama, upande wa mwezi unaopata mwanga ni ule wa chini. Ukiangalia vizuri utaona na sehemu yenye giza inang'aa kidogo. Huo ni mwanga wa jua uliopiga dunia yetu ukarudi mpaka mwezini.

Wavuvi wa Ziwa Tanganyika wanaujua mwezi kuliko wengi wetu. Wanavua ndagala usiku kwa taa, lakini mwezi ukijaa mwanga unaenea ziwa zima na samaki hawakusanyiki tena kwenye taa. Basi wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Wanachosoma kwenye mwezi ni kalenda ya kazi.

Taa zinazokwenda kwa mstari

Tangu mwaka 2019 watu wanaona pia taa nyingi zimefuatana kama treni, bila sauti. Hizo ni setilaiti za intaneti za Starlink zilizorushwa karibuni. Baada ya siku kadhaa zinatawanyika.

Hatari ya kweli ni ipi?

Hatusemi kila kitu chekundu hakina madhara. Wenzetu waliotoka Goma wanajua anga jekundu la Nyiragongo, volkano iliyolipuka tarehe 17 Januari 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021. Lakini mwekundu ule unatoka ardhini, unaonekana upande mmoja, juu ya mlima. Huo ndio wa kukimbia. Mwekundu wa mwezi ni wa kutazama tu, na hauumizi macho. Jua likipatwa, hapo hapana: usilitazame kwa macho matupu kamwe.

Dini zetu pia zinatutuliza. Mtume Muhammad alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa, watu wakasema ni kwa ajili ya msiba ule. Yeye akawakataza kusema hivyo, akawahimiza kuomba. Na nabii Yeremia, katika sura ya 10, anawaambia watu wasitishwe na ishara za mbinguni.

Wazazi, andikeni tarehe hii ukutani: 31 Desemba 2028. Jioni ile, mkesha wa Mwaka Mpya, mwezi utachomoza ukiwa tayari ndani ya kivuli cha dunia. Maneno yatakuwa mengi, tunajua. Waambieni watoto mapema, ili siku ile wao ndio wawaeleze majirani. Na mtu akikuambia funga mizigo, muulize kwanza: umeona nini, wapi, na nani mwingine ameona?

Jioni nyingine, ukiangalia magharibi, mwezi ule mtumbwi unashuka upande wa milima ya nyumbani. Wale waliobaki kule wanauona na wao. Haukuleta habari mbaya.

Tuonane mwezi ujao.