Kisiki nacho ni shahidi: jinsi vinasaba vinavyolitambua gogo lililoibwa

Chukulia mninga umekatwa usiku katika msitu wa kijiji hapa kwetu Kwedizinga. Asubuhi kamati ya maliasili inakuta kisiki, maranda mabichi na alama za matairi. Siku mbili baadaye gogo la mninga linaonekana kwenye yadi ya mbao. Mwenye gogo anasema, "Hili nimelinunua kwingine." Nani atambishia? Mininga yote inafanana.

Kwa macho, ndiyo. Lakini kisiki na gogo lake ni mwili mmoja, na vinasaba vyake, yaani DNA, ni vilevile. Tueleze vinavyosomwa.

Vinasaba ni kama maandishi marefu sana ndani ya chembe hai za mti. Sehemu kubwa ya maandishi hayo inafanana kwa mininga yote. Zipo sehemu, hata hivyo, ambako herufi chache hurudiwarudiwa, na idadi ya marudio hutofautiana: mti huu mara 9, ule mara 14. Sehemu hizo huitwa alama za vinasaba. Kila alama mti huwa nayo nakala mbili, moja ya mti mama na nyingine ya mti uliotoa chavua.

Alama moja haitoshi. Fikiria namba yako ya simu. Tarakimu ya mwisho unayo wewe na maelfu ya watu wengine, lakini tarakimu zote 10 kwa mpangilio wake ni zako peke yako. Vivyo hivyo, alama 10 au zaidi zikisomwa pamoja, ni vigumu sana kupata mti mwingine unaolingana.

Kazi kubwa ni kuzitafuta alama zenyewe. Wataalamu hukusanya majani ya miti mingi ya aina moja kutoka sehemu mbalimbali, huyapima maabara, kisha huchagua alama zinazotofautiana vya kutosha. Alama za mninga huenda zisifae kwa mvule au mpingo, hivyo kila aina ina kazi yake.

Je, mahakama hukubali? Mwaka 2021, katika jimbo la Washington nchini Marekani, vinasaba vilionyesha kwamba mbao zilizouzwa kiwandani zilitoka kwenye miti mitatu iliyoibwa katika msitu wa serikali. Mshtakiwa alifungwa miezi 20. Nchini Indonesia, watafiti wamelinganisha kwa njia hii magogo ya msituni na mbao zilizofika kiwandani.

Kipimo hiki kina mipaka. Mkaa hausaidii, kwa sababu moto huharibu vinasaba. Mbao ya zamani au iliyokaushwa kwa joto kali husumbua, na sehemu nyeupe iliyo karibu na gome hupimika vizuri kuliko kiini. Pia mikaratusi iliyooteshwa kwa vipandikizi vya mti mmoja ina vinasaba vilevile, hivyo haitofautishwi.

Kwa sasa tunategemea nyundo ya TFS na kibali cha kusafirishia. Lakini alama ya nyundo huweza kughushiwa, na kibali kimoja kikatumiwa safari mbili. Vinasaba havighushiwi. Kipimo hiki bado si jambo la kawaida katika kesi za vijijini kwetu, ila siku kitakapofika, kitahitaji kitu kimoja: kisiki.

Hivyo ukikuta mti umekatwa, usikichome kisiki wala kuking'oa. Kipige picha kwa simu, andika tarehe na mahali, kisha toa taarifa kwa kamati, mtendaji wa kijiji na ofisi ya TFS. Kuchukua sampuli waachie wataalamu, ili ushahidi usije ukatiliwa shaka. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake na kunufaika nao. Gogo linaloibwa ni dawati la shule yetu linaloondoka.